Dokta alitupa esi na mfalme

Dokta alizichungulia karata zake za poka mara ya mwisho, akazilaza, akakuna kidevu. Mbele yake Mangi alikuwa amesukuma kete zote katikati ya meza na sasa anatazama darini. Halafu Dokta akazigeuza karata zake ili wote tuzione, esi ya shupaza na mfalme wa kopa, akazisogeza upande wangu.

"Natupa."

Mangi hakungoja aombwe. Akafunua za kwake: saba ya pau na nne ya uru. Mkwara mtupu. Baraza zima la Sinza likalipuka kwa kicheko, mpaka jirani wa juu akafungua dirisha kuuliza kama Simba wamefunga.

Mimi nilikuwa nagawa. Kwetu anayetolewa mapema ndiye anayegawa, na usiku ule nilitolewa mapema mno. Kwa hiyo niliona vizuri, na niliona pia yaliyofuata. Dogo, ambaye kete zake zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, aliponea, akaponea tena. Dokta, aliyekuwa wa pili kwa wingi wa kete, akaishia nafasi ya nne.

Tunalipa watatu.

Kabla ya adhana ya alfajiri kundi letu la WhatsApp lilishampa jina jipya: Dokta Salama. Kuna mtu alitengeneza na stika, picha yake amekumbatia esi na mfalme kama watoto mapacha. Utani huo umeendelea kwa wiki, na muda wote huo mimi nimekuwa nikiigeuza ile mikono miwili kichwani kila nikipanda mwendokasi Kimara, kwa sababu kuna kitu hakikukaa sawa. Kicheko kilikuwa cha haki? Au tulimcheka mtu pekee aliyekuwa anahesabu?

Meza ilivyokuwa

Sirudii sheria za Texas Hold'em, aina ya poka tunayocheza. Nitaje namba tu, maana ndimo mambo yote yalimo.

Tulianza watu 20. Kiingilio shilingi 20,000, kila mmoja kete 5,000, hakuna kununua upya. Kitita cha 400,000 kinagawanywa hivi: wa kwanza 200,000, wa pili 120,000, wa tatu 80,000. Wa nne anapewa pole na mshikaki wa mwisho kama upo.

Tulipofika kwenye mkono ule wamebaki wanne. Mangi kete 40,000. Dokta 30,000. Rehema 24,000. Dogo 6,000. Blaindi, yaani madau ya lazima ambayo wachezaji wawili huweka kwa zamu kabla ya karata kugawiwa, zilikuwa 1,000 na 2,000. Dogo akatupa, Rehema akatupa, Mangi akiwa blaindi ndogo akasukuma zote. Dokta alikuwa blaindi kubwa, 2,000 zake ziko mezani tayari, na ili afuate anatakiwa aongeze 28,000 zilizobaki.

Akishindwa, anaaga.

Hesabu ambayo wote tunaijua

Unatia 28,000. Ukishinda, mbele yako kuna 60,000: 30,000 zako na 30,000 za Mangi. Gawanya: asilimia 46.7. Kama nafasi yako ya kushinda inazidi hapo, unafuata, kwisha maneno.

Esi na mfalme za alama tofauti, dhidi ya karata mbili zozote ulizookota, hushinda takriban asilimia 65. Dhidi ya saba na nne za Mangi ni kama 63 au 64. Dokta alikuwa anauziwa kwa 47 kitu chenye thamani ya 64.

Wanaobeti mpira wanaielewa hii hata kama hawaipi jina. Odds ya 1.20 inadai timu ishinde zaidi ya mara 83 kwa kila mechi 100 ndipo mkeka wako uanze kuwa na maana. "Yanga anashinda hii" ni habari moja, "1.20 inatosha" ni habari nyingine. Nusu ya kundi letu wanashindana na hilo kila Jumamosi, na ndio hao hao waliomshangaa Dokta kwa nguvu zaidi. Kwao bei ilikuwa nzuri na mtu akaikataa kwa woga.

Nami ningebaki hapo hapo, ila uso wa Dokta ulinisumbua. Nimegawa karata kwa waoga wengi. Mwoga hutupa haraka, kabla hajajishawishi vinginevyo. Yule alikaa akafikiri.

Nikampigia simu.

"Dokta, kweli kabisa, ulidhani Mangi ana nini?"

"Hana kitu," akasema. Nyuma nilisikia mteja anaulizia dawa ya kikohozi. "Mangi akiwa na karata anaongea, anakuuliza habari za watoto. Pale alinyamaza. Nilijua hana kitu, kaka."

Alijua, na bado akatupa

Hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu mabishano yetu yote kundini yalikuwa juu ya kumsoma Mangi. Mmoja anasema ulipaswa kuona jicho lake. Mwingine anasema alitazama darini, dalili ya uongo. Watu wazima wanachambua darini kama waamuzi wanavyorudia penalti. Kumbe Dokta alishamsoma, akamsoma sawasawa, na kusoma kwenyewe hakukubadilisha uamuzi wake.

"Sasa kwa nini ulitupa?"

"Kwa sababu ya Dogo."

Akaniomba radhi, akarudi kwa mteja wake.

Dogo hakuwa hata kwenye mkono ule. Alishatupa karata zake na alikuwa anakula chipsi mayai.

Kete na shilingi

Nikaanza kupiga hesabu. Njia yenyewe si siri. Mwaka 1973 David Harville aliandika namna ya kukadiria nafasi za washindani wengi kwa pamoja, farasi kwenye mbio wakiwamo: nani atakuwa wa kwanza, nani wa pili, nani wa tatu. Mwaka 1987 Mason Malmuth akalipeleka wazo hilo kwenye mashindano ya poka, na leo wachezaji wanaliita ICM (Independent Chip Model), modeli ya kugeuza kete kuwa fedha. Nafasi yako ya kuwa wa kwanza ni sehemu yako ya kete zote. Ili kupata nafasi yako ya kuwa wa pili, unamwondoa kila mpinzani kwa zamu kana kwamba ndiye aliyeshinda, unagawa upya kete zilizobaki, unajumlisha. Vivyo hivyo kwa wa tatu. Mwisho unazidisha kila nafasi kwa zawadi yake.

Kwa watu wanne ni kazi ya daftari na uvumilivu. Nilianza Kimara, nikamaliza karibu na Fire.

Dokta akitupa, anabaki na kete 28,000. Thamani yake kwa fedha: kama shilingi 117,400.

Akifuata akashinda, ana kete 60,000. Thamani: kama 162,700.

Akifuata akashindwa: sifuri.

Zitazame hizo namba kidogo. Kete zimezidi kuwa maradufu, lakini fedha imepanda kwa asilimia 39 tu. Hata ukiwa na kete zote za Dar es Salaam huwezi kulipwa zaidi ya zawadi ya kwanza, kwa hiyo kete unazozipata zina thamani ndogo kuliko kete unazozipoteza. Tena hizi za kupoteza zilikuwa zote alizonazo.

Sasa gawanya upya: 117,400 kwa 162,700.

Asilimia 72.

Nikarudia, nikidhani nimekosea mstari. Ni 72. Kwa kete alihitaji 47, kwa shilingi alihitaji 72, na mkono wake ulikuwa na 64. Mangi angezifunua karata zake kwanza, akaziweka chali mezani, saba na nne, na kumwambia "karibu", bado kufuata kungemgharimu Dokta kwa wastani kama shilingi 14,000.

Hilo lilinichukua muda kulimeza. Unaweza kujua kwa uhakika kwamba mtu anakupiga mkwara, ukawa na mkono bora kuliko wake, ukawa sahihi kwa kila kitu, na bado jibu likawa kumwachia.

Kama kuna anayetaka kujua angefuata na nini: dhidi ya Mangi anayesukuma karata zozote, jozi ya tisa ndiyo mpaka wenyewe, maana hushinda kama asilimia 72. Jozi ya kumi, 75, unafuata. Jozi ya nane, 69, unaiacha. Esi na mfalme za alama moja, mkono ambao watu wanaubusu kabla ya kuutazama vizuri, ni 67. Unauacha pia.

Waliokuwa wanakula chipsi

Kisha nikapiga hesabu za wale wawili ambao hawakuwamo, na hapa ndipo jibu la Dokta lilipofunguka.

Dokta angefuata akatolewa, Dogo angeruka kutoka thamani ya shilingi 34,000 hadi 93,000 na ushei. Papo hapo, bila kugusa karata, kwa sababu angekuwa ameshaingia kwenye malipo. Rehema angepanda kama 22,700. Na kama Dokta angefuata akashinda? Dogo angepanda kama 12,000, Rehema 8,500, kwa kuwa sasa Mangi ndiye angekuwa hoi, na kila anayedhoofika anawasogeza wao mbele.

Matokeo yoyote, wao wanapata.

Weka wastani wa mkono ule, 64 kwa 36 hivi, na inakuwa hivi: Dokta anapoteza 14,000, Mangi anapoteza 29,000, Rehema anapata 14,000, Dogo anapata 29,000. Kama 43,000 zinahama kutoka kwa wanaogombana kwenda kwa wanaotazama. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na kunguru wetu alikuwa na tomato usoni.

Pia unaona kwa nini Mangi alisukuma. Hakuwa mwendawazimu. Kufuatwa pale kungemuumiza yeye kuliko Dokta, lakini alijua (au pua yake ilijua, maana Mangi hajawahi kushika daftari) kwamba mtu mwenye 30,000 akiwa na Dogo wa 6,000 pembeni yake hawezi kumfuata ila kwa mikono michache. Alikuwa akimtumia Dogo kama silaha. Na Dogo mkono uliofuata ndiye alikuwa anaingia blaindi kubwa: 2,000 kati ya 6,000 zake zilikuwa zinakwenda mezani atake asitake. Dokta alikuwa anangoja hilo tu.

Ile video

Kila mabishano ya poka yakipamba moto kundini, kuna mtu atarusha ile video ya mwaka 2003. Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, aliyepata tiketi yake kwa mchujo wa intaneti wa dola 86, yuko mezani Las Vegas na Sammy Farha. Watu 839 wameingia, wamebaki wawili. Moneymaker hana kitu, mfalme na saba tu, anasukuma zote. Farha ana jozi ya tisa, ya juu kabisa mezani. Anafikiri, anatupa. Baadaye kidogo Moneymaker anaondoka na dola milioni 2.5.

Ujumbe unaoambatana na video huwa mmoja: poka ni ya wenye roho ngumu, Dokta uko wapi.

Naipenda ile video. Ila pale walikuwa wawili. Wa pili alishahakikishiwa dola milioni 1.3, na kilichobaki kugombewa ni tofauti kati ya zawadi mbili. Mkibaki wawili, hakuna Dogo. Kila kete unayoipata inalipa sawasawa na kila kete unayoipoteza, na hesabu ya kwanza, ile ya 28 kwa 60, inarudi kuwa sahihi kabisa. Farha hakuwa na kisingizio cha Dokta. Aliyetupa jozi yake pale alikuwa anajibu swali jingine kabisa, na kumpima Dokta kwa kipimo hicho ni kumwonea.

Ninapokwama

Hadi hapa ningeweza kumtumia Dokta ujumbe wa pongezi. Sikutuma, kwa sababu namba zile zina mambo zisizoyaona.

La kwanza: modeli inawaona wote wako sawa. Haijui kwamba Mangi atasukuma tena raundi ijayo, na ijayo, na kwamba kila akisukuma Dokta anapungukiwa na blaindi. Kwa hiyo zile 117,400 za kutupa zimekuzwa kidogo. Kwa kiasi gani? Nikaligeuza swali: ili kufuata kuwe sahihi, thamani ya kutupa inabidi ishuke chini ya 103,000 au 104,000. Je, uonevu wa Mangi unaweza kula 14,000 za mtu mwenye kete 28,000, wakati Dogo yuko mkono mmoja tu kutoka kwenye blaindi? Mimi nadhani hapana. Dogo akifa mkono unaofuata, uonevu wote unakwisha. Ilitokea kwamba Dogo hakufa, lakini siku hiyo hakuna aliyelijua hilo, hata Dogo.

La pili ni gumu zaidi na sijalitatua.

Modeli inajua usiku mmoja. Sisi tunakutana kila mwezi, sura zile zile, baraza lile lile. Ikiwa Dokta angefuata, akashinda au akashindwa, Mangi angeondoka na funzo: huyu hafukuziki. Mwezi unaofuata angefikiri mara mbili kabla ya kusukuma saba na nne. Hiyo sifa ina bei. Inazidi 14,000? Ukiigawa kwa miezi ya mwaka mzima, ni kidogo zaidi ya elfu moja kwa mwezi ili usionewe. Nikiiweka hivyo, karibu nabadilisha mawazo.

Karibu. Kwa sababu sifa ya kutofukuzika nayo inanunuliwa kwa namna nyingi, na kuinunua pale ambapo kosa linakutoa mashindanoni ni kuinunua dukani ghali kuliko yote. Ungeweza kuinunua mapema jioni, tukiwa watu kumi na tano, kete bado karibu ni kete, na wastani wa kufuata na esi na mfalme ni faida tupu. Dokta mapema jioni huwa amelala. Hilo ndilo ningemwambia kama angeniuliza.

Na kuna kitu kimoja zaidi, ambacho naona ndicho kilichomgharimu usiku ule: alizionyesha.

Angezitupa kifudifudi, Mangi angejua tu kwamba Dokta katupa mkono fulani. Labda tisa na tatu. Badala yake alitangaza kwa meza nzima kwamba hata esi na mfalme hafuati. Najua kwa nini alifanya vile. Alitaka tuone kwamba katupa kitu kikubwa kwa akili, apate heshima ya kutupa. Heshima hiyo hakuipata, na Mangi akapata ramani. Mikono iliyofuata Mangi alisukuma kila Dokta alipokuwa blaindi, bila hata kutazama karata zake. Ule uonevu ambao modeli haiuoni, Dokta mwenyewe aliukaribisha akiwa na karata mkononi.

Nilimwambia hili jana. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini wangenicheka zaidi nisingeonyesha." Sikuelewa, akaeleza: nisingeonyesha, mngesema natupa takataka tu kama kawaida yangu.

Anaweza kuwa sahihi.

Kura

Hesabu zile nilizibandika kundini, zote, na picha ya daftari. Nilitegemea ubishi wa kuhusu Dokta. Kilichozuka ni ubishi wa kuhusu zawadi.

Rehema ndiye aliyeanzisha. Akasema kama mfumo wa malipo ndio unaomfanya mtu atupe esi na mfalme mbele ya saba na nne, basi tubadili mfumo. Mshindi achukue zote 400,000. Nikapiga hesabu: mshindi akichukua zote, kete na shilingi zinakuwa kitu kimoja, kipimo cha Dokta kinarudi 47, na kufuata kunakuwa jambo la kufumba macho. Mwingine akapendekeza kinyume, tulipe wanne, wa nne arudishiwe kiingilio. Hapo nako kipimo kinashuka, ila mlango wa kuonea unahama tu, unakwenda kwa wa tano. Shemeji yangu anasema tukilipa mmoja tu, watu nusu hawatarudi mwezi ujao, na yeye ndiye anayetoa baraza, kwa hiyo asikilizwe.

Kura inafungwa Ijumaa. Dokta amepiga ya mshindi kuchukua zote, jambo ambalo limewanyamazisha watengeneza stika kwa muda. Mpaka naandika haya, wanaotaka mfumo uachwe ulivyo ni wawili tu: Mangi na Dogo.